Mashudu ya Makadamia

Keki ya kwanza shangazi aliitemea kiganjani, akaikagua kama mtu anayetafuta jiwe kwenye maharagwe, kisha akaitupa uani. Kuku mmoja alikuja mbio, akaidonoa mara moja, akaenda zake.

"Hata huyo amekataa," shangazi akasema. "Na hajasoma."

Nilikuwa nimeioka kwa unga wa nazi mtupu, jikoni mwetu Nyeri, wiki sita kabla ya ngurario ya mdogo wangu. Ngurario ndiyo sherehe inayokamilisha ndoa kimila kwetu: mbuzi huchinjwa, bwana harusi hukata kiungo cha mguu mbele ya wazee, bibi harusi hupewa masikio, na siku hizi, baada ya nyama, hukatwa keki. Keki hiyo huliwa hadharani, kwa mkono wa mtu mwingine, huku simu zimeinuliwa kila upande. Mdogo wangu hawezi kula ngano. Huo ndio msingi wa kila kitu, na ninauandika mapema ili nisije nikajificha nyuma ya mambo mengine.

Ana ugonjwa wa siliaki. Gluteni, ile protini inayoufanya unga wa ngano uvutike, huufanya mwili wake uushambulie utumbo wake wenyewe. Kabla daktari hajalitaja jina hilo, watu wa kwetu walikuwa wamempa magonjwa mengine, kila mtu kwa kadiri ya roho yake. Walisema ni minyoo. Walisema ni mimba, kisha wakasema ni mimba iliyotolewa. Alipozidi kukonda walinyamaza, na kunyamaza kwao kulikuwa na maana moja tu, ambayo kila mtu aliielewa. Shangazi alikuwa akimpeleka kanisani kuombewa, na wakirudi anamkaangia chapati ili apate nguvu za kuomba tena.

Mama yetu alifariki tukiwa shuleni. Shangazi, dada yake baba, ambaye tulimwita Tata, ndiye aliyesimama mahali pake, na alisimama kwelikweli. Alitulea kwa sahani zilizojaa na ulimi usiopumzika, na mpaka leo sijui ni kipi kati ya hivyo viwili kilichonikuza.

Watu wa bwana harusi wanatoka Nanyuki, na nyumba yao ni nyumba ya mikate. Mama yake ana duka lenye oveni mbili kubwa nyuma. Hoteli za huko huchukua mikate kwake kabla jua halijautoa mlima ukunguni, na watoto wake wote walisomeshwa na ngano. Siku ya kwanza alipomwona mdogo wangu alimtazama viganja, akapanda na macho hadi kwenye mifupa ya shingo, akamwuliza bila kupunguza sauti:

"Wewe msichana, unakula?"

"Nakula, Mama."

"Nitaona siku ya keki. Mimi mwenyewe ndiye nitakulisha. Sitaki kuletewa mgonjwa kwa nyumba, hiyo ni kuongezewa kazi."

Alisema hivyo akicheka, nasi tukacheka, kwa kuwa mtu anayecheka hawezi kuulizwa swali. Bwana harusi alijua kila kitu. Ni mtu mpole, mpole kiasi cha kutofaa, na alituomba tusimwambie mama yake lolote mpaka sherehe ipite. Shangazi alikubali upesi mno.

"Wewe si ndiyo unasomea chakula?" akaniambia usiku ule tukiosha vyombo. "Tengeneza kitu inafanana na keki. Huyu mtoto akule, anyamaze, aolewe. Hiyo sasa ndiyo masters."

Nilikuwa nimerudi nyumbani miezi miwili kabla ya hapo, baada ya jopo la chuo kuirudisha tasnifu yangu ya uzamili. Iliuhusu unga wa nazi: kiasi cha maji unachofyonza, na jinsi ufyonzaji huo unavyobadilika kwa joto. Mwenyekiti wa jopo aliifunga polepole, akaweka kiganja juu yake kama anayefunika sufuria, akaniambia, "Umepima kila kitu isipokuwa kile tulichokuuliza." Wenzake walitabasamu wakiyatazama makaratasi yao. Tangu siku hiyo nilianza kuhesabu vitu visivyohitaji hesabu: vigae vya sakafu, mikohozi ya watu kanisani, hatua kutoka jikoni hadi mlangoni. Lazima nikiri kwamba keki ya mdogo wangu iligeuka kuwa tasnifu yangu ya pili. Nilitaka kufaulu. Kwamba yeye angekula na asidhurike, hiyo ilikuwa njia ya kufaulu.

Unga wa nazi, nilioujua kuliko kitu chochote duniani, ndio ulioniangusha kwanza. Nilizikuna nazi, nikakamua tui, nikayakausha machicha kwenye oveni kwa moto mdogo, nikayasaga. Unga huo hunywa maji kama mchanga. Ukiutendea kama ngano, unapata tofali. Ukiuongezea mayai mpaka utosheke, unapata kimanda chenye sukari. Nilijaribu mayai manne, sita, nane. Mdogo wangu alikaa kwenye kigoda karibu na jiko akila kila kipande nilichompa, akinywa maji baada ya kila tonge, na kila mara akisema, "Iko sawa." Siku ya tano akaweka kikombe chini.

"Dada, usikasirike. Inakaa kukula godoro."

Nikahamia kwenye njugu. Unga wake ulikuwa mwekundu na harufu yake ilijaza nyumba nzima. Shangazi akasema keki inanuka mfuko wa sare ya mtoto wa darasa la pili, na hakuna aliyeweza kubisha. Korosho zilinipa utamu na ulaini, lakini katikati keki ilibaki na unyevu kama ugali ulioepuliwa mapema. Unga wa lozi niliupata kwenye supamaketi moja ya Nanyuki ambamo watu wa ranchi na wanajeshi wa kigeni hununua vyakula vyao. Ulikuwa unga mweupe, mwepesi, mtiifu hata kwa kuutazama tu. Niliugeuza mfuko, nikasoma yale maandishi madogo ya nyuma: ulifungwa katika kiwanda ambacho pia hushughulikia ngano. Niliurudisha kwenye rafu, nikatoka nje nikijiona bingwa. Nilijipongeza njia nzima kurudi Nyeri kwa kuwa mtu anayesoma maandishi ya nyuma.

Ikabaki makadamia, ambayo hata haikuhitaji kutafutwa. Miti yake imejaa kwetu, mingine imesimama katikati ya kahawa kama wageni waliokataa kuondoka. Tatizo lake ni mafuta. Ukiisaga hivi hivi hupati unga, unapata siagi. Lakini ikishakamuliwa mafuta, kinachobaki ni mashudu: vipande vikavu vya rangi ya maziwa, vyepesi, visivyo na harufu kali. Kuna mama mmoja Kangari, kule kwenye majani chai, anayekamua mafuta ya makadamia nyumbani kwake, na mashudu huwauzia wenye ng'ombe. Nilifika kwake, nikakagua mashine yake kwa nusu saa, nikamwuliza maswali mpaka akaniuliza kama nimetumwa na serikali, nikarudi na gunia dogo.

Shangazi alilifungua, akachota kidogo, akanusa.

"Hii nimeona. Hii ni ya ng'ombe."

"Ni mashudu, Tata. Ni safi."

"Safi ya ng'ombe." Akamgeukia mdogo wangu. "Wee, umesikia? Umetafutiwa dairy meal. Siku ya harusi ukishakula, watakukamua."

Mdogo wangu alicheka mpaka akajishika tumbo, na mimi nikacheka mwishoni, nikiwa wa tatu.

Niliyatwanga mashudu kidogo kwenye kinu cha mkono, nikayachekecha, nikachanganya: sehemu mbili za makadamia, sehemu moja ya nazi, wanga wa muhogo wa kushikanisha, mayai matano, siagi, sukari. Keki ilipanda. Iliposimama haikuanguka. Niliikata, na kisu kikatoka kikavu. Shangazi alikula kipande chake amesimama, kisha akachukua cha pili, na alipokuwa akiyakusanya makombo kwa kidole alisema, "Hii inaweza danganya mtu." Sijawahi kupewa sifa kubwa kuliko hiyo nyumbani kwetu.

Nilianza kujiandaa kama mtu anayeandaa chumba cha upasuaji. Nilinunua mwiko mpya, kwa kuwa mti hushika unga. Nilinunua chekecheo jipya na trei mpya. Unga wote wa ngano nyumbani niliugawia majirani, nikaisugua oveni ndani kwa siku mbili, nikasoma kopo la beking pauda mara tatu. Shangazi alikatazwa chapati kwa wiki tatu, na kila asubuhi alinywa chai yake na nduma akinitazama kama mtu anayelipa faini ya kosa la mwingine.

Lakini keki ya ngurario ni ya ngazi tatu, na mkono hauwezi kutwanga unga wa ngazi tatu. Mashine yangu ya kusagia ya jikoni iliungua ikitoa moshi kwenye kilo ya pili. Ikabidi niende kwenye kinu cha kusagia mahindi.

Nilizunguka vinu vitatu. Viwili vya kwanza vilisaga ngano, nikaviacha mlangoni. Kwenye cha tatu, kilichokuwa nyuma ya soko, nilimkuta mzee mmoja amejaa unga hadi kwenye kope.

"Mzee, hapa mnasaga ngano?"

"Ngano? Hapana. Watu wa ngano wanaenda huko juu. Hapa ni mahindi tu, na ile ya uji."

Nilimwuliza mara ya pili kwa namna nyingine, kama tulivyofundishwa kuuliza mahojiano, naye akajibu vilevile. Nikaridhika. Nilimwomba asage kwanza konzi mbili tatu za mahindi yangu ili kuusafisha moyo wa mashine, akakubali. Halafu akamimina mashudu.

Mashine ilinguruma, ikakohoa, ikaanza kulia. Mafuta yaliyosalia kwenye mashudu yalikuwa yameshikamana kwenye chekeche la ndani. Mzee aliizima, akafungua, akakwangua kwa kisu, akafunga, akawasha. Ikaziba tena. Hapo akafanya kile ambacho kila mwenye kinu mwema hufanya anapoletewa kitu chenye mafuta: alichota kopo la nafaka kavu kutoka kwenye gunia lililokuwa mguuni pake, akalitupa mdomoni mwa mashine, na nafaka ile ikapita ikikwangua mafuta yote. Unga wa kahawia ukatoka. Akaukinga kwenye mfuko mwingine, akauweka kando, kisha akarudisha mashudu yangu. Mashine ikavuta pumzi. Alifanya hivyo mara tatu, bila kuombwa, kwa wema.

"Hiyo ni nini, Mzee?"

"Ya kusafisha. Ni ya uji, usijali. Ni kavu."

Nilifungua mdomo nimwulize uji huo una nini. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni, amejifunika leso kichwani asipakwe unga.

"Haiya, ameanza," akasema, si kwangu bali kwa foleni. "Ati hata kwa posho mill ni lazima watu waulizwe maswali. Mzee, pole sana. Huyu alianguka mtihani huko Nairobi, sasa amekuja kutupatia sisi."

Foleni ilicheka. Walikuwa wanawake wanne wenye debe zao za mahindi. Najua idadi yao kwa sababu niliwahesabu. Mzee naye alicheka, kwa adabu, akiniangalia kwa huruma. Nikaufunga mdomo wangu.

Nimelirudia tendo hilo mara nyingi kuliko nilivyorudia sura yoyote ya tasnifu. Nimejitetea kwamba unga wa kahawia wa kila usafishaji ulitengwa. Nimejitetea kwamba kilichobaki kwenye kuta za mashine kilikuwa konzi moja, labda nusu konzi, ndani ya unga mwingi. Nilizifanya hesabu hizo palepale, nikisubiri, na zilitoka vizuri. Lakini sikunyamaza kwa sababu ya hesabu. Nilinyamaza kwa sababu nilichekwa.

Nyumbani nilipouchekecha unga niliona chembe ndogo nyekundu, nadra, kama madoa kwenye yai la bata mzinga. Nikasema ni maganda ya makadamia. Maganda ya makadamia ni kahawia, na mimi nalijua hilo.

Siku yenyewe palikuwa na jua jembamba na upepo unaotoka mlimani. Wageni wa Nanyuki walipokelewa langoni kwa uji, kama desturi, katika vibuyu kwa wazee na vikombe vya plastiki kwa wengine. Mdogo wangu alitolewa akiwa amefunikwa leso pamoja na wasichana wengine watano, bwana harusi akamtambua bila shida. Na mtu mmoja upande wao akapiga kelele kwamba si kazi, achague tu yule mwembamba. Watu walicheka. Mbuzi akakatwa, masikio yakaliwa. Kisha nikaileta keki yangu, ngazi tatu nyeupe.

Mama mkwe alisimama. Alikuwa amevaa suti ya kitenge na kilemba cha rangi ileile, na alichukua kisu kwa namna ambayo mwokaji pekee hukichukua, kidole kimenyooka juu ya makali. Aliikata ngazi ya chini, akainua kipande, akakitazama kitambo kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Nikaliona hilo. Kisha akamgeukia mdogo wangu.

"Fungua mdomo, msichana. Leo hutaniambia umeshiba."

Mdogo wangu alifungua. Alikula kipande chote, mbele ya simu labda mia, akatabasamu akiwa na krimu kwenye kona ya mdomo. Vigelegele vitano vikapigwa. Shangazi alinikanyaga mguu chini ya meza, ambayo kwake ni sawa na kunikumbatia.

Saa moja baadaye, hotuba zikiendelea, nilimwona mdogo wangu ameuingiza mkono wa kushoto chini ya leso yake na ameukandamiza tumboni. Uso wake ulikuwa umelowa jasho kwenye paji tu, palepale penye mstari wa nywele. Hakuna mwingine aliyeona, kwa kuwa bado alikuwa akitabasamu. Jirani mmoja akanipitishia kikombe cha uji uliobaki, na nikaukodolea macho kwa kuwa sikuwa na pengine pa kuangalia. Ndani yake zilikuwa zinaelea chembe ndogo nyekundu.

Niliingia jikoni. Shangazi alikuwa anapakua wali.

"Tata, huu uji uko na nini?"

"Uji? Wimbi, mtama, soya, mahindi." Akalamba kijiko. "Na ngano kidogo ya kulainisha. Kwani wewe ulikulia wapi?"

Nilikulia hapo. Niliunywa uji huo kila asubuhi hadi nilipoenda chuo, na wala sikuwahi kuuchukulia kuwa unga. Ulikuwa uji tu. Nadhani hakuna mtu kwetu anayeulizwa kama anakula ngano ambaye huufikiria uji.

Nilipotoka jikoni mama mkwe alikuwa amesimama tena mbele ya mdogo wangu. Ilikuwa zamu ya akina mama kupeana sahani, na mkononi alikuwa na kipande cha pili, kikubwa kuliko cha kwanza.

"Ongeza hii. Ama haikupendezi?"

Mdogo wangu hakunitafuta. Macho yake yalinikuta tu nikiwa nimesimama kwenye mlango wa hema. Na hapo nikaona kwamba alijua. Ulimi wake ulijua, tumbo lake lilijua, lilikuwa limemwambia muda mrefu kabla ya kikombe changu cha uji. Kati yangu na yeye palikuwa na hatua kumi na moja. Ningeweza kuanguka. Ningeweza kumwaga soda juu ya meza. Ningeweza kusema kwa sauti ya kawaida, "Mama, samahani, asile hiyo." Badala yake nilisimama nikikamilisha hesabu ya hatua, kwa kuwa mtu akiniuliza kwa nini, ningelazimika kusema mbele ya watu mia kwamba nilikosea.

Mdogo wangu alifungua mdomo akala. Akatafuna polepole, akameza, akasema, "Asante, Mama. Ni tamu."

Alikaa kwenye kiti kile kwa zaidi ya saa mbili. Alipiga picha na kila kundi. Aliwasindikiza wageni hadi langoni, akapunga mkono mpaka gari la mwisho lilipoingia barabarani, ndipo akageuka, akapiga magoti kwenye nyasi za uzio, na kilichomtoka hapo sitakieleza. Gauni lilikuwa jeupe. Shangazi ndiye aliyemshika kichwa. Mimi nilipokaribia, mdogo wangu aliinua mkono mmoja, kiganja wazi, kama polisi wa barabarani.

Aliugua siku kumi. Siku ya nne aliniruhusu kuingia na maji.

"Ulijua saa ngapi?" akaniuliza akiwa ameuelekea ukuta.

Nilifikiria majibu kadhaa. Moja lilikuwa kinu. Jingine lilikuwa chekecheo. Nikachagua lile lililonipunguzia kosa.

"Kabla ya kipande cha pili."

"Mimi pia," akasema. "Lakini mimi nilikuwa na sababu."

Wiki ya nne baada ya sherehe tuliitwa Nanyuki, shangazi, mdogo wangu na mimi, kwa chakula cha mchana. Nyumba ilikuwa na joto la oveni na harufu ya hamira. Hata mapazia yalinukia mkate. Mama mkwe alitukaribisha, akatuketisha, na kitu cha kwanza alichokileta kwa mikono yake mwenyewe kilikuwa sahani ya chapati nne zilizokunjwa, zinazong'aa mafuta. Akaiweka mbele ya mdogo wangu.

"Kula. Keki ya kwenu uliila mara mbili. Chapati yangu itakushinda?"

Bwana harusi alianza kukohoa. Shangazi akaanza kuisifu nyumba. Mdogo wangu aliitazama sahani, na mimi nikamwona akivuta hewa kama anayeingia majini. Kisha akaisukuma, kidole kimoja, mpaka katikati ya meza.

"Mama, mimi sili ngano. Ni ugonjwa. Uko na jina, na hautaisha. Keki ile ilifaa kuwa bila ngano. Ilikuwa nayo, na nililala siku kumi." Hakuninyoshea kidole. Alinigeuzia uso tu, taratibu, ili watu wafuate macho yake. "Huyu ndiye aliioka."

Mama mkwe hakushtuka. Alimega kipande cha chapati iliyokataliwa, akakitia mdomoni, akatafuna tukimsubiri.

"Nilijua hiyo si keki ya ngano saa ile niliitia kisu," akasema. "Mimi nimeoka kabla hamjazaliwa. Ngano haivunjiki hivyo. Nikangoja mtu mmoja wa kwenu aniambie. Hakuna. Ndiyo nikakuongeza ya pili. Nilitaka kuona mtadanganya mpaka wapi."

"Mpaka hapa," mdogo wangu akasema.

Walitazamana. Sijui ni nini kilichopita kati yao, maana hakikuwa upendo. Kilifanana zaidi na watu wawili wanaopimana uzito kabla ya kubeba gunia pamoja. Kisha mama mkwe akapaza sauti kuelekea jikoni:

"Leteni viazi na ile nyama. Mpakue kwa sufuria mpya, ile haijawahi kuona unga. Na sahani safi, hii imeshagusana na chapati."

Aliyasema bila kufikiri, kwa sentensi tatu, yale niliyoshindwa kuyatimiza kwa wiki sita. Halafu akanigeukia.

"Na wewe ndiyo wanasema umesomea chakula?"

"Bado nasoma, Mama."

"Aya. Endelea."

Shangazi ndiye aliyecheka kwanza, na kwa sauti kuliko wote. Bwana harusi akafuata, amefurahi kwamba si yeye. Mdogo wangu hakucheka. Alikuwa anaangalia mlango wa jikoni, akisubiri viazi vyake, mgongo umenyooka kama wa mtu aliye kwake.

Mama mkwe alichukua ile sahani ya chapati, akazimimina zote kwenye yangu, pamoja na ile aliyoimega.

"Wewe kula," akasema. "Wewe si mgonjwa."

Zilikuwa laini, za moto bado katikati. Nilizila zote nne.